Jiko la presha la umeme: chombo kizuri, ruzuku imekwenda kwenye mtungi wa gesi

Tathmini hii ni ya jiko la presha la umeme la lita 6, wati 1,000, lile linalouzwa Kariakoo na katika maduka ya vyombo vya umeme karibu kila mkoa. Hatukuchagua chapa moja kwa sababu ukiyafungua kwa chini mengi yanafanana: bati la joto, kihisi cha joto katikati ya bati, swichi ya presha, fyuzi ya joto, na sufuria ya ndani yenye kipenyo cha kama sentimita 22. Bei inaanzia laki moja na ushee hadi laki mbili na nusu. Kinachotofautisha la bei chini na la bei juu ni unene wa sufuria, ubora wa mpira wa mfuniko na unene wa waya, si wingi wa vitufe mbele.

Tuseme mapema tunaposimama. Kwa kaya yenye mita yake ya Luku (umeme wa kulipia kabla), inayopika maharage, makande, nyama na wali, hatujaona chombo kingine cha jikoni kinachopunguza gharama kama hiki, jiko la gesi likiwamo. Kwa mpangaji anayechangia mita na wenzake, au kaya ya bei nafuu ambayo imebakiza uniti chache kufika 75 kwa mwezi, kikomo ambacho bei inapanda baada yake, jibu linageuka. Na tatizo hapo si jiko. Ni bei ya umeme ilivyopangwa, na ruzuku ya nishati safi ilikoelekezwa.

Linavyofanya kazi

Ukishafunga mfuniko na maji yakaanza kuchemka, mvuke unabanwa ndani hadi presha ifike karibu kilopaskali 70 juu ya presha ya kawaida ya hewa. Hapo maji yanachemka kwenye nyuzi 115 hivi badala ya 100. Presha ikishafika, umeme unakatika wenyewe, kisha unarudi kwa vipindi vifupi kushikilia joto. Kwa hiyo zile wati 1,000 zilizoandikwa chini hazitumiki muda wote. Zinatumika dakika 15 hadi 25 za mwanzo, baada ya hapo jiko linakaa kimya zaidi ya linavyokula.

Hapo ndipo wenye nyumba wengi wanapokosea wanapokataza "majiko ya umeme". Jiko la koili la wati 1,500 likiachwa limewaka saa mbili linakula uniti (kilowati-saa) 3. Jiko la presha linapika kilo moja ya maharage kwa uniti 0.35 hadi 0.5, kutegemea kama yalilowekwa au la. Kuyaweka kundi moja ni kumwonea mpangaji.

Nyanda za juu ndiko faida inapoonekana zaidi. Mbeya na Njombe maji kwenye sufuria ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, ndiyo maana maharage huko yanamaliza mkaa bila kuiva. Presha inaondoa tatizo hilo, ila ongeza dakika tano hivi juu ya vipimo vya Dar es Salaam.

Vipimo vyenyewe, kuanzia presha inapofika, si kuanzia unapowasha: maharage yaliyolala kwenye maji, dakika 15 hadi 20, yasiyolowekwa, 40 hadi 45. Makande ya mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa, 40 hadi 45. Mahindi makavu yasiyolowekwa hupita saa nzima. Nyama ya ng'ombe, 25 hadi 30. Utumbo, 35 hadi 40. Kongoro, saa moja. Kuku wa kienyeji, 30 na kidogo. Wa kisasa asizidi 12, akizidi anaachana na mifupa. Ndizi mbichi, 8 hadi 10. Wali, kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na robo cha maji, dakika 7, kisha uache dakika kumi bila kufungua. Watu wanaolalamika wali unakuwa bokoboko huwa wamepima maji ya jiko la mkaa. Humu hakuna maji yanayotoka kama mvuke, kwa hiyo yale ya ziada yanabaki ndani.

Maharage hayazidi nusu ya sufuria, kwa sababu yanatoa povu na povu ndilo linaloziba tundu la mvuke. Vyakula vingine visizidi theluthi mbili. Na chini ya kikombe kimoja cha maji halitapata presha. Litachoma chakula na kukata umeme.

Lisichoweza: chapati, na ugali wa familia. Ugali unawezekana, mfuniko ukiwa wazi, lakini sufuria ya ndani haina pa kushikwa. Ukianza kusonga inazunguka pamoja na mwiko, na kihisi kikipata joto la ghafla kinakata moto katikati ya kazi. Ugali wa mtu mmoja sawa. Wa watu sita, washa jiko lingine. Ni kasoro kubwa katika nchi inayokula ugali kila siku, na ni sababu tosha ya kusema kwamba hakuna kaya itakayobaki na jiko hili peke yake. Sera yoyote inayodhani hivyo imekosea hesabu tangu mwanzo.

Hesabu ya hela

Bei za shirika la umeme, Tanesco, tunazotumia ni zile za agizo la mwaka 2016 la EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Mteja wa D1, yule wa matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa T1, yule wa matumizi ya kawaida, analipa 292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, jumla 22. Ukijumlisha, uniti ya D1 inakuwa shilingi 122, ile inayozidi 75 inakuwa 427, na ya T1 inakuwa 356.

Kilo ya maharage kwa uniti 0.4, basi, ni shilingi 49 kwa D1 na 142 kwa T1. Kazi hiyo hiyo kwenye gesi, sufuria ya kawaida, saa mbili za moto mdogo, inakula gramu 150 hivi. Tukichukua mtungi wa kilo 6 kujazwa kwa shilingi 24,000, hiyo ni shilingi 600. Mkaa hauwezi kupungua kilo moja, na kilo ya mkaa Dar es Salaam haipatikani kwa 142. Haki ni haki: ukiweka sufuria ya presha ya kawaida juu ya gesi, pengo linapungua sana, labda hadi shilingi 250. Wauzaji wa majiko ya umeme hawapendi kulitaja hilo.

Ila ukiangalia mwezi mzima, faida inapungua kuliko matangazo yanavyosema. Jiko linalopika mara mbili kwa siku linakula kama uniti 21 kwa mwezi na linachukua zaidi ya nusu ya upishi wa nyumba. Ugali, chapati na kukaanga vinabaki kwenye gesi. Kaya iliyokuwa ikimaliza mtungi wa kilo 6 kila mwezi itaufikisha miezi miwili na nusu. Inaokoa 14,400 za gesi, inaongeza 7,500 za umeme kama ni T1 au 2,600 kama ni D1. Jiko la 150,000 linarudisha gharama yake baada ya miezi 22 kwa T1, miezi 13 kwa D1. Muuzaji akikwambia miezi mitatu, mwombe akuonyeshe hesabu. Kwa anayenunua mkaa wa 1,500 kwa siku hesabu ni tamu zaidi: anaokoa kama 27,000 za mkaa kwa mwezi, anatoa 7,500 za umeme, jiko linajilipa ndani ya miezi minane.

Kuna faida moja isiyoonekana kwenye hesabu hizi. Luku inanunuliwa kwa elfu moja, elfu mbili, kama mkaa wa kopo. Gesi inadai 24,000 kwa mkupuo, na mara nyingi inaisha tarehe 22, mshahara ukiwa bado. Kwa mtu wa kipato cha kila siku, hilo peke yake linatosha kuamua apikie nini jioni. Kumbuka tu kwamba ununuzi wa kwanza wa mwezi unakatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, ili usije ukadhani jiko ndilo lililokula.

Yanayoharibika, na kwa nini

La kwanza kwa wingi si hitilafu ya kiwanda. Ni mtu kumimina mchele na maji ndani ya jiko akiwa amesahau kurudisha sufuria ya ndani. Maji yanaingia kwenye bati na nyaya. Likitokea, chomoa, geuza jiko kichwa chini, fungua skrubu za kitako, likauke juani siku mbili, na fundi apime kabla ya kuwasha. Ukiwasha kwa haraka unaunguza fyuzi ya joto, na kwenye yale ya vitufe unaunguza na saketi.

La pili ni sufuria ya ndani kurudishwa ikiwa na maji kwa nje. Utasikia mlio wa kukaanga. Kila mara inakula kidogo uso wa bati na wa kihisi, hadi jiko linaanza kukata moto kabla ya wakati. Pangusa nje ya sufuria kwa kitambaa, kila siku, na punje ya mchele iliyodondokea kwenye kihisi iondolewe. Punje moja pale inainua sufuria kiasi cha kuharibu upishi wote.

Mpira wa mfuniko ndio unaochakaa kwa kawaida. Dalili yake ni mvuke kutoka pembeni badala ya pini ya mfuniko, ile inayoonyesha presha imefika, kupanda. Kabla hujalaumu mpira, uvue, uoshe, angalia kama umekaa sawa kwenye waya wake pande zote. Nusu ya malalamiko yanaishia hapo. Ukiwa umekakamaa au umelegea, badilisha. Usiuvute kuuongeza maisha. Mpira unashika harufu ya pilau na utumbo, kwa hiyo anayepika uji wa mtoto kwenye jiko hilo hilo afadhali awe na miwili.

Kile kijichujio kidogo chini ya mfuniko, kinachozuia povu lisiingie kwenye njia ya mvuke, kivuliwe na kuoshwa baada ya kila sufuria ya maharage. Kikiziba, pini haitashuka baada ya kupika, na hapo ndipo watu hulazimisha mfuniko kwa nguvu. Usifanye hivyo. Chomoa, subiri dakika 20, fungulia mvuke kwa ncha ya mwiko mrefu, uso ukiwa mbali.

Mende. Wanapenda kitako cha jiko kwa sababu kuna joto, na kwenye yale ya vitufe wanafanya shoti kwenye saketi. Jiko lenye kipima muda cha kuzungusha kwa mkono halina saketi hiyo, na lina faida nyingine: umeme ukikatika na kurudi, linaendelea lilipoishia. Ya vitufe mengi yanasahau. Ukikuta maharage mabichi saa nne usiku kwa sababu umeme ulikatika dakika tano saa mbili, utaelewa kwa nini tunapendekeza la kuzungusha kwa mitaa ambayo umeme haujatulia.

Volti ndogo nayo ina bei yake. Jiko la wati 1,000 kwenye volti 230, likipata volti 180 tu, linatoa wati 613 hivi. Halitaharibika, lakini kufika presha kunatoka dakika 15 hadi 25 au zaidi. Pima jioni, si asubuhi. Kwenye vijiji vilivyo mwisho wa laini ndio wakati volti inaposhuka.

Kuhusu soketi: ampea 4 na kidogo si mzigo kwa soketi halisi ya ampea 13. Kinachoungua ni ekstensheni za bei chee zenye waya mwembamba kama wa chaja, hasa jiko likichangia na pasi au friji. Chomeka ukutani. Plagi ikiwa ya moto mkononi baada ya dakika kumi, soketi imelegea, ita fundi.

Dukani

Usikubali kuonyeshwa jiko linawaka taa tu. Omba vikombe viwili vya maji, yawekwe ndani, mfuniko ufungwe, liwashwe. Kwa kiasi hicho pini ipande ndani ya dakika kumi, mvuke ukome kutoka pembeni, na ukizima pini ibaki juu kwa muda. Likishindwa jaribio hilo dukani, nyumbani halitapona. Soma bati la maelezo: volti 220 hadi 240, hezi 50, wati zilizoandikwa, presha, na alama ya TBS, shirika la viwango. Inyanyue sufuria ya ndani. Nyepesi kama kopo itapinda na kuachana na bati. Mwisho, uliza mpira wa ziada upo kwa bei gani. Duka lisilo na mpira linakuuzia jiko la muda mfupi. Nunua mpira siku hiyo hiyo.

Sera inayolizunguka

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Kwenye makaratasi umeme umo. Mtaani kilichoonekana zaidi ni mtungi: REA imekuwa ikigawa mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei.

Hatuna ugomvi na gesi kama daraja la kutoka kwenye mkaa. Moshi unaopungua leo ni mapafu yanayopona leo. Lakini gesi ya mtungi ni zao la mafuta ya petroli na gesi, inakuja kwa meli, inalipwa kwa dola, na bei yake inafuata soko la dunia. Wanaodhani ni ile gesi asilia ya Songosongo au Mtwara wanachanganya. Ile ya huko inaenda zaidi kwenye mitambo ya umeme na viwandani. Na ruzuku ya mtungi ni ya mara moja. Kujaza ni bei kamili, kila mara. India ilipoanza mpango wake wa Ujjwala mwaka 2016 iligawa mamilioni ya miunganisho kwa kaya maskini, kisha ikakuta wengi hawarudi kujaza. Mei 2022 ikalazimika kuweka ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi wa kujaza. Anayetunga sera hapa ana somo hilo bure.

Upande wa pili, umeme umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115. Ya kwanza iliingia gridi Februari 2024, ya mwisho Aprili 2025. Gesi asilia bado imo kwenye gridi, lakini sehemu kubwa zaidi ya uniti sasa inatokana na maji ya Rufiji. Nchi ina umeme wa kuuza, na jikoni ndiko soko lililo karibu zaidi.

Sasa tazama ngazi ya uniti 75. Kaya ya D1 yenye friji ndogo, luninga na taa inatumia uniti 70, inalipa 8,540. Ikinunua jiko la presha na kuongeza uniti 21, inafika 91. Mwezi wa kwanza inalipa 15,982. Ikiendelea kuvuka inahamishiwa T1, na uniti zote 91 zinakuwa na bei mpya: 32,418. Uniti 21 za kupikia zimeigharimu kaya hiyo karibu 23,900 kwa mwezi, yaani bei ya mtungi mzima wa kilo 6. Hakuna jiko duniani linaloweza kuokoa hela chini ya mpango huo. Kaya hiyo itafanya la busara: italiweka jiko juu ya kabati.

Asiye na friji, anayetumia uniti 20 au 30, yuko salama. Hata akipika kila siku hafiki 75. Wanaoumia ni wale wa katikati, walionunua friji kwa shida. Hao ndio wenye uwezo wa kununua jiko la laki na nusu, na hao ndio bei inawaadhibu.

Uganda walikwenda kinyume. Mdhibiti wao wa umeme aliweka bei ya kupikia: uniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi inauzwa kwa karibu nusu ya bei ya zile za 16 hadi 80. Mahali ambapo Tanzania inapandisha, Kampala inashusha. Wazo ni zuri, lina tundu moja: asiyefikisha uniti 80 haioni punguzo hilo kabisa, na huyo mara nyingi ndiye maskini zaidi. Kenya nao, Aprili 2023, walishusha kikomo cha bei ya chini kutoka uniti 100 hadi 30, hatua ambayo kwa mpishi wa umeme ni ya kurudi nyuma.

Kwa Tanzania tungeanza na jambo dogo: kufuta uhamisho kwenda T1 kwa kaya isiyozidi uniti 110, na kuuza uniti za 76 hadi 105 kwa bei ya kati, tuseme 200 kabla ya kodi. Kuziuza kwa 100 kungekuwa na mvuto zaidi, lakini kungemtoa Tanesco zaidi ya 5,000 kila mwezi kwa kila kaya akilinganisha na T1, na shirika lenye hasara halibadilishi transfoma. Bei ya kati inatosha, uniti 0.4 za maharage zinabaki chini ya shilingi mia.

La pili ni mkopo kupitia Luku. Mfumo unaokata kodi ya jengo kila mwezi hauwezi kushindwa kukata 10,000 kwa miezi 15. Ila kuna sharti tunalolisisitiza: makato yasimzuie mteja kupata umeme wa taa akikwama mwezi mmoja. Kaya ikizimiwa taa kwa deni la sufuria, huo si mpito wa haki hata kama mkaa umepungua.

Mpangaji

Nyumba ya vyumba sita, mita moja. Mita hiyo imevuka 75 zamani, iko T1, na bili inagawanywa kwa vichwa au kwa ugomvi. Mpangaji akileta jiko, majirani wanaona mwizi. Hapa mita ndogo ya ndani kwa kila chumba ndiyo dawa, na ni kazi ya fundi wa umeme ya saa chache, lakini anayeilipia ni mwenye nyumba ambaye haoni faida. Ruzuku ya mita ndogo ingefika kwa watu wengi wa mjini kuliko ruzuku ya jiko lenyewe. Hatujaona ikizungumzwa kwa uzito unaostahili.

Wakati hilo halijafika, mpangaji anaweza kununua kipima umeme kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinachoonyesha uniti zilizotumika na kifaa kimoja. Apike maharage mbele ya wenzake, wasome 0.4, alipe chake kwa 356. Kwa 142 kwa sufuria, maneno yanapungua.

Asiyepaswa kununua kwa sasa

Mwenye D1 kati ya uniti 55 na 75 asinunue hadi aangalie risiti zake za miezi sita. Akiona anaweza kupunguza uniti 20 kwingine, hasa pasi na friji yenye mpira wa mlango uliochakaa, basi anunue. Nyumba yenye umeme wa sola wa taa na simu isahau. Betri yake haitabeba wati 1,000. Mama lishe mwenye wateja 40 asidanganywe na la lita 6, atafute la lita 12 na zaidi, na apimiwe waya kwanza. Na familia inayokula ugali mchana na usiku, mboga ikiwa ni mchicha na dagaa, haitaona faida: mchicha unaiva kwa dakika nne popote.

Kwa waliobaki, chukua la kuzungusha kwa mkono, sufuria nzito, na loweka maharage usiku. Kuloweka kunaokoa kama sehemu ya kumi ya uniti kila mara, na kunapunguza povu linaloziba kichujio.